Namba Moja kwa Mtaa Mzima

Shemeji yangu aliacha kuitwa kwa jina lake tangu alipoingia kwenye kazi ya kompyuta. Mtaa mzima ulimwita Zimawasha, kwa sababu mtu akimjia analia kwamba mashine yake imeganda, swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeizima ukaiwasha?" Mara nyingi ugonjwa uliishia hapo. Watu walicheka, wakamtilia chai, akarudi nyumbani. Mimi niliona aibu kwa niaba yao. Mtu mzima, mwenye nyumba na wajukuu, anaogopa swichi ya chombo alichokinunua kwa hiari yake!

Alikuwa mke wa marehemu mdogo wangu, na tuliishi ua mmoja, mlango wake ukitazamana na wangu. Ujanani alikuwa mpiga taipu wa ofisi ya ardhi. Nilimwona akiwa kazini: vidole kumi vinakimbia, macho yako dirishani, bosi anatembea huku na huku akisema, na maneno yanatua kwenye karatasi kabla bosi hajafunga mdomo. Taipu ilikuwa na mlio. Ukipita nje ulijua ndani watu wanafanya kazi. Siku hizi ofisi zimenyamaza kama wodi, na huwezi kujua nani anaandika barua ya kiwanja na nani anatazama picha za harusi za watu.

Taipu zilipotupwa stoo, wapiga taipu walitupwa pamoja nazo. Wenzake wakafungua genge, wakafuga kuku. Yeye alinunua mnadani kompyuta kuukuu ya ofisi ileile, akaiweka chumbani karibu na kitanda cha mume wake aliyekuwa mgonjwa, akaanza kujifundisha kwa kitabu kisicho na jalada. Mdogo wangu alikata roho huku feni ya mashine ile ikivuma. Mimi sikuisamehe. Shemeji alisema ilimsaidia kulala.

Kazi hakukosa, kwa kuwa watu walinunua kompyuta kama walivyonunua makabati ya vyombo, ziwe sebuleni wageni wazione. Mwalimu mkuu mstaafu aliifunika yake kwa kitambaa cha kufuma kutoka juu hadi chini, hata ikiwa inawaka, kisha akashangaa kwa nini inajizima.

"Mwalimu, hii inapumua," Zimawasha alimwambia. "Mgonjwa wa pumu ungemfunika hivi?"

"Kitambaa hiki alikifuma marehemu mke wangu."

"Basi funika redio nacho. Redio haina mapafu."

Mama wa duka la dawa aliingiza sidii kwenye ufa ulio juu ya droo ya kompyuta badala ya kuiweka kwenye droo. Ikatumbukia ndani. Akaingiza na ya pili ili ikaitoe ya kwanza. Zimawasha alifungua sanduku kwa bisibisi, akazitoa zote mbili, akamkabidhi bila kusema kitu. Ilikuwa heshima yake kwa wateja: kicheko alikibeba mpaka uani kwetu, akakitua hapo.

Kisha zikaja barua pepe, na hapo ndipo mtego ulipotegwa, bila mtegaji. Kila ofisi ilianza kudai anwani ya barua pepe, hata ofisi zilizokuwa hatua chache kutoka nyumbani kwa mtu. Watu wakaja kwa Zimawasha awafungulie sanduku. Mtambo ukauliza namba ya simu ya mwenye sanduku, ili siku akipotea njia arudishwe. Lakini watu wetu na laini za simu! Leo mtu ana hii, kesho ana ile yenye ofa, keshokutwa ameibiwa zote.

"Weka yangu," akasema Zimawasha. "Mimi si kinyonga kama nyie."

Basi akaweka namba yake kwa huyu, akaweka kwa yule, mpaka masanduku ya nusu ya mtaa yakawa yamefungwa kamba moja, na ncha ya kamba iko mfukoni mwake. Maneno ya siri aliyatunza kichwani. Hakuna aliyeona ubaya. Mtu unayemwamini ana ufunguo wako. Kulikuwa na shida gani?

Mmoja wa watu hao alikuwa seremala wetu, mgane asiyejua kusoma, baba wa binti mmoja. Binti yule alipelekwa nje ya nchi na wakala mmoja kufanya kazi za nyumbani. Kabla hajaondoka alikaa na Zimawasha, wakafungua sanduku lake na la baba yake. Kila alipopata nafasi aliandika, na seremala akija na vumbi la mbao kwenye nyusi, anakataa kiti, anasimama kofia mkononi.

"Dada, nisomee."

Binti alijua kwamba maneno yake yatapita kinywani mwa mtu mwingine, kwa hiyo aliyagawa. Juu aliandika, "Hii ya baba." Chini yake aliandika, "Hii ya shangazi." Ya baba Zimawasha aliisoma kwa sauti. Akifika kwenye yake aliisoma kwa macho, na seremala, mtu wa adabu, alitazama dari mpaka amalize.

"Mambo ya wanawake hayo," alikuwa akisema.

"Na wewe yanakuhusu nini?"

"Nimesema kitu? Nakagua mbao zenu tu. Zimeliwa."

Halafu kiharusi kikamwangusha Zimawasha bisibisi ikiwa mkononi. Alilazwa hospitali, akatolewa, akapelekwa kwa dada yake mbali na mji, akakaa huko mpaka majirani wakaacha kuuliza. Simu yake ilibaki kwenye droo, imezimwa. Paa la chumba chake lilivuja, na mvua za mwaka ule ziliimaliza ile kompyuta. Kampuni ya simu ilipoona laini imekaa kimya iliifunga, ikampa namba mtu mwingine. Zamani mtu akiugua, kiti chake kilibaki wazi, hakuna aliyekikalia. Makampuni haya hayajui matanga.

Alirudi na mkono wa kushoto umekufa na mdomo umepinda kidogo. Hata mzigo haujashushwa, seremala alikuwa getini.

"Pole, dada. Pole sana." Akazungusha kofia kwenye vidole. "Nisomee."

Ndipo tulipojua. Simu ya binti ilikuwa haipatikani tangu zamani. Wakala alikuwa amefunga ofisi na kuhama. Seremala alikwenda ofisi ya serikali inayoshughulikia raia walio nje, wakamwambia alete anwani ya nyumba anayofanyia kazi binti, la sivyo wataanzia wapi kumtafuta? Na anwani ilikuwa kwenye barua ya kwanza kabisa ya binti: mtaa, namba ya nyumba, jina la tajiri wake. Seremala hakuwahi kuomba inakiliwe. Aliisikia ikisomwa, ikamtosha.

Mwalimu mkuu alituazima mashine yake, ikaja kitambaa kimekunjwa juu yake. Zimawasha akakaa, akaandika neno la siri kwa mkono mmoja. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona akitazama vitufe. Neno lilikubaliwa, lakini mtambo ulikuwa haujawahi kumwona kwenye mashine ile. Ukasema utatuma tarakimu za uthibitisho kwenye simu, na akizileta atafunguliwa. Ukaonyesha mwisho wa namba hiyo.

Zimawasha alisoma zile namba za mwisho, kisha akaweka mkono mzima juu ya ule uliokufa.

"Ni laini yangu ile," alisema. "Sina tena."

Tuliipigia kwa simu yangu, tukaweka sauti ya juu. Akapokea mwanamume, nyuma yake mtu anagonga kitu kwa nyundo.

"Samahani, baba," alianza Zimawasha. "Namba hiyo zamani ilikuwa yangu. Sasa hivi utaingia ujumbe wenye tarakimu, naomba unisomee..."

"Ahaa! Mmeamka mapema leo!"

"Si hivyo, baba, nisikilize."

"Nilishamsikiliza mwenzio mwaka juzi, akafagia mpaka akiba ya kodi. Alikuwa na sauti ya mama hivyohivyo. Tafuta kazi, mama mzima wewe!"

Akakata. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, nami sikuweza kumlaumu. Zimawasha mwenyewe alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaonya watu kwamba atakayewaomba tarakimu za simu ni mwizi, hata akilia machozi. Somo lake lilikuwa limeenea mpaka kwa watu asiowajua.

Tukapiga tena. Safari hii seremala aliichukua simu, akaishika kwa mikono miwili mbele ya uso kama sahani.

"Mwanangu amepotea," alisema. "Mahali alipo pameandikwa humo. Sina kingine cha kusema."

Nyundo kule ilisimama. Kisha yule mtu akasema, "Hata hayo wenzenu walishayasema," akakata.

Kesho yake alipiga mwenyewe. "Mke wangu anasema sauti ya yule mzee si ya tapeli. Mimi sijakubali. Tarakimu simsomei mtu. Nitakuja nazo, nitaziandika kwa kidole changu, na tukutane mahali penye polisi."

Tulikutana kwenye duka la vifaa vya ofisi lililo ubavuni mwa kituo cha polisi, lenye kompyuta ya kukodi. Alikuwa mshona viatu, mikono myeusi kwa rangi, na mke wake alikuja na mwavuli ingawa hapakuwa na mvua wala jua.

"Mwenye namba hii wa zamani ni nani?" akauliza mshona viatu.

"Mimi."

"Na huyu mzee?"

"Shemeji yangu."

"Kaja kufanya nini?"

"Anazichukia kompyuta. Kaja kuzitazama zikishindwa."

Mke akacheka. Mume hakucheka, lakini aliacha kukunja ngumi. Zimawasha akaandika neno la siri. Simu ya mshona viatu ikalia mfukoni. Aliifunika kwa kiganja kama anayewasha kiberiti kwenye upepo, akaanza kubonyeza tarakimu moja moja, akihakiki kila moja. Alipomaliza, mtambo ulisema muda umekwisha.

"Baba, hizo zikichelewa zinakufa. Tuombe nyingine."

"Nyingine tena! Hii ndiyo njia yenu?"

"We, andika," mke wake akamwambia. "Unashona kiatu au unafungua barua?"

Mara ya pili sanduku lilifunguka. Juu kabisa palijaa takataka za watu wanaokopesha na wanaouza vitanda. Zimawasha alishuka mpaka chini, akaipata barua ya kwanza, akasoma anwani. Mwenye duka akaiandika kwenye kipande cha karatasi. Seremala aliitia kwenye kofia, akaivaa kofia. Nilidhani tumemaliza.

Lakini kati ya takataka kulikuwa na barua nyingine za binti, vichwa vyake vimeandikwa kwa herufi nzito, alama ya kwamba hazijafunguliwa. Aliandika muda wote ambao Zimawasha alikuwa kitandani. Zimawasha alizisoma kwa mfuatano, na kila moja ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Baba, mbona kimya? Baba, shangazi anaumwa? Baba, mwombe shangazi neno la siri, mtu mwingine akusomee. Baba, wamenichukulia simu, hii ni ya dereva.

Ya mwisho haikuwa na "Hii ya baba." Ilianza, "Hii ya shangazi."

Zimawasha aliisoma kwa macho. Seremala, kama kawaida yake, akainua uso kutazama dari la duka.

"Mambo ya wanawake," alisema polepole. Akaushusha uso. "Dada. Ni mambo ya wanawake?"

Alikuwa ameshikiwa mlango wazi, shemeji yangu. Neno moja tu, na mzee angerudi nyumbani na anwani yake kofiani. Mimi ningelisema neno hilo. Mshona viatu, aliyekuwa nyuma ya Zimawasha na macho mazuri, alikuwa ameshaisoma na kutoka nje.

"Ameniandikia mimi," alisema Zimawasha, "ila ni yako." Akasoma.

"Shangazi, hii usimsomee baba. Mkono wangu wa kulia haujanyooka tangu waliponisukuma ngazini. Ijumaa hii wanakwenda harusini, na dereva amesema geti hatalifunga. Nikifika ubalozini nitawaandikia. Nisipoandika, mwambie baba nimebadilisha kazi na huko hakuna mtandao."

Seremala aliuliza Ijumaa ipi. Zimawasha alitazama tarehe, akamwambia. Ilikuwa ya msimu wa mvua uliopita, zile zilizovujia kompyuta yake.

"Na baada ya hiyo?"

"Hakuna."

Aliomba asomewe tena, si ile, bali ya chini kabisa, ya mwanzo, ambamo binti anasema nyumba ina lifti na ameiogopa. Tulimsubiri asikilize mpaka mwisho. Tulipotoka nje mshona viatu alikataa hata ahsante. Alisema tu kwamba namba hiyo hataibadilisha, tukihitaji tumpigie.

Ofisi ya serikali haikupokea karatasi. Mwongozo ulisema barua za mtandaoni ziletwe kwenye sidii, nakala mbili. Wakati huo sidii zilikuwa zimeshaanza kufa, kama vitu vyote vinavyokuja na matarumbeta. Tulizunguka mjini kutwa, Zimawasha akiburuta mguu, hadi tukampata muuza redio aliyekuwa na mnara wa sidii tupu chini ya meza.

"Hizi zote sawa, mama. Chukua yoyote."

Zimawasha alichukua ya juu, akaielekeza kwenye taa, akaweka kidole nyuma yake. "Nakiona kidole changu. Hii ni karatasi ya kufungia maandazi. Nipe zile za chini."

"Za chini ni za zamani."

"Hata mimi."

Akachagua mbili ambazo kidole hakikuonekana. Alimkataza muuza redio kuzibandikia karatasi yenye maua, akisema gundi hula sidii polepole kama mchwa. Alizichoma, yaani alizitia barua ndani yake, kwenye mashine ya mwalimu mkuu, akazifungua tena kuhakikisha kila barua imeingia, na ile ya mwisho pia. Karani aliyezipokea alizigeuza upande huu na upande ule. Kompyuta yake haikuwa na mahali pa kuziingiza. "Zitakaa kwenye faili," alisema, na kusema kweli alisema kwa huruma. Aliinakili anwani kwa mkono.

Jibu lilichukua muda mrefu kuja. Nyumba ilipatikana. Tajiri akasema msichana aliondoka bila kuaga, na kwamba wao ndio wenye madai. Ubalozini hakufika. Dereva hakujulikana.

"Faili liko wazi," karani alimwambia seremala.

"Wazi maana yake nini, mwanangu?"

"Maana yake halijafungwa, mzee."

Siku chache baadaye seremala alikuja uani kwetu. Alikuwa amenawa nyusi. Zimawasha aliwasha mashine ya mwalimu mkuu, kwa kuwa sasa sanduku lilikuwa limefungwa kwenye namba yangu mimi, nisiyezitaka habari hizi, akaanza kutazama kama kuna kipya.

"Leo sitaki kusomewa," alisema seremala. "Leo niandikie."

Alitamka akiwa amesimama, na Zimawasha aliandika kwa mkono mmoja. Alimwambia binti kwamba shangazi yake amepona. Kwamba kitanda chake amekipiga vanishi upya. Kwamba habari ya mkono wake ameisikia, na asiifiche tena, kwani mkono hutibiwa. Zimawasha akabonyeza.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

Seremala alisubiri. Alivuta kiti, kile alichokikataa miaka yote, akakaa mbele ya kioo. Tulikaa naye. Chai ilipoa. Mwishowe akauliza, "Haijarudi?"

"Haijarudi."

"Barua ya mtu asiyekuwepo hurudishwa," alisema. "Mke wangu alipokufa niliendelea kumtumia barua kaka yake, kumbe kahama. Zote zilirudi, zimepigwa mhuri. Hii haijarudi. Basi kuna aliyeipokea."

Ni kweli kuhusu posta. Tarishi alipokurudishia bahasha yako ikiwa imekatwa kwa wino mwekundu, moyo ulikatika pale mlangoni, lakini ulikatika mara moja, ukaita watu, ukatandika mkeka. Sanduku hili jipya halikatai kitu. Linapokea hata mwenyewe akiwa amezikwa asikojulikana, linapokea mpaka lijae, wala halina tarishi wa kuja kukutazama usoni.

Zimawasha aliyajua hayo kuliko sisi sote. Alimgeukia seremala, mdomo wake uliopinda ukafunguka, nami nilijua kwamba atamwambia, kwa sababu hata pale dukani alimwambia. Mzee alikuwa ameegemea mbele, viganja juu ya magoti, akikitazama kile kioo kwa matumaini kama mtu aliyeona taa imewashwa kwenye nyumba aliyoibishia hodi.

Mkono mzima wa Zimawasha ulikaa hewani, kisha ukarudi juu ya vitufe.

"Haya," alisema. "Nyingine niandike nini?"